Kabla ya kushika mikrofoni juu ya sheria ya ndoa, fungua Katiba

Kila habari ya ndoa ya jinsia moja inapotoka Roma, Brussels au Marekani, Lubumbashi inapata kazi. Simu zinajaa sauti za WhatsApp, kwaya inaahirisha mazoezi ili kikao kikae, mtu anapendekeza maandamano toka komine ya Kenya, wilaya moja ya mji wetu, hadi mjini, mwingine anataka sahihi za paruwasi nzima. Nguvu hiyo mara nyingi inamwagika kama maji kwenye mchanga, kwa sababu hakuna aliyeuliza: karatasi gani inabishaniwa, na nani ana kalamu ya kuibadilisha?

Tunaandika kwa wanaobeba kazi hiyo: wajumbe wa kamati za haki na amani, wachungaji, viongozi wa mashirika ya mtaani, vijana wa Kiro (chama cha vijana Wakatoliki), akina mama wa kanisa, maimamu na makatibu wao. Wengi wenu mnataka sheria ibaki ilivyo. Wachache wana maoni mengine na hawayasemi kwa sauti. Njia ya karatasi ni ile ile kwa wote.

Karatasi iliyopo tayari

Anzeni na Katiba ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, ya 18 Februari 2006. Ibara ya 40 inampa kila mtu haki ya kufunga ndoa na mtu anayemchagua, wa jinsia tofauti na yake, na kuanzisha familia. Maneno hayo "wa jinsia tofauti" ndiyo yanayobeba mzigo wote. Chini yake iko Sheria ya Familia, namba 87-010 ya 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa na sheria namba 16/008 ya 15 Julai 2016. Kifungu chake cha 330 kinasema ndoa ni tendo la kiserikali, la hadharani na la heshima, kati ya mwanaume na mwanamke ambao hakuna kati yao aliyefungwa na ndoa nyingine iliyoandikishwa. Ofisa wa etasivili (ofisi ya komine inayoandikisha ndoa na vizazi) wa Kampemba au Ruashi hana ukurasa kwenye daftari lake wa kuandika ndoa ya namna nyingine, hata akiletewa hati yenye mihuri mizuri ya komine ya Ubelgiji.

Kosa la kwanza ni kupinga pendekezo ambalo hakuna aliyeliona. Anayewaita watu "kuzuia Bunge lisipitishe ndoa ya jinsia moja" aonyeshe pendekezo. Sheria ya Congo haianguki kutoka mbinguni. Ibara ya 130 ya Katiba inataja wanaoweza kuianzisha: Serikali, depite (mbunge wa taifa) au seneta. Inapita mabaraza yote mawili, Bunge la taifa na Seneti, kisha Rais anaitangaza ndani ya siku 15 tangu apelekewe, ndivyo ibara ya 140 inavyosema, halafu inachapwa kwenye Gazeti rasmi. Mletaji habari aulizwe mambo matatu: mwandishi wa pendekezo ni nani, liliwekwa mezani tarehe gani, liko kamisheni gani. Akibaki kusema "wanasema", kikao kinaweza kuendelea na ajenda ya paa la kanisa.

Na hata depite akithubutu, sheria ya kawaida haitoshi, kwa sababu ingegongana na ibara ya 40. Ingebidi Katiba yenyewe iguswe, na mlango huo ni mzito. Ibara ya 218 inawapa haki ya kuanzisha mabadiliko Rais, Serikali, nusu ya wajumbe wa baraza mojawapo, au raia 100.000 kwa maombi yenye sahihi zao. Kisha mabaraza yote mawili yakubali kwanza kwamba jambo linastahili, halafu kura ya maoni ya wananchi, isipokuwa kama mabaraza yakikaa pamoja yameridhia kwa tatu ya tano. Ibara ya 219 inaongeza kufuli: hakuna kubadili Katiba wakati wa vita, hali ya dharura wala hali ya kuzingirwa (état de siège, jeshi linaposhika madaraka ya viongozi wa kiraia). Anayekumbuka kwamba Kivu ya Kaskazini na Ituri ziliwekwa chini ya hali ya kuzingirwa mwezi Mei 2021 ataona mara moja kwa nini wanasheria wanabishana juu ya kufuli hiyo hata kwa mambo mengine kabisa.

Kosa la pili tunalolikuta mara nyingi ni anwani. Barua inaandikwa kwa gavana, au kwa bunge la jimbo la Haut-Katanga kwa sababu jengo liko karibu. Hali ya watu na mali za ndoa ni mambo ya sheria ya taifa, ibara ya 122. Bunge la jimbo haliwezi kuruhusu ndoa wala kuikataza. Mtu wa kumwandikia ni depite wa taifa aliyechaguliwa Lubumbashi, na seneta.

Kosa la tatu ni kuchanganya ndoa na jinai. Kutoruhusiwa kufunga ndoa si sawa na kuwa mhalifu. Mwaka 2010, na tena mwaka 2013, Bunge lilipelekewa mapendekezo ya kuwaadhibu wapenzi wa jinsia moja, na hayakuwa sheria. Kinachotumika mara nyingine ni kifungu cha 176 cha sheria ya jinai, kinachohusu matendo ya hadharani yanayovunja haya, na kifungu hicho kinamhusu yeyote, mume na mke wakiwemo. Anayesimama mimbarini na kusema "sheria inasema wakamatwe" anawatuma vijana kwenye kosa lao wenyewe. Tutarudi hapo.

Kanuni ya kanisa ina mlango wake

Hasira nyingi za miaka ya karibuni hazikutoka bungeni hata kidogo. Zilitoka makanisani.

Wakatoliki walitikiswa na *Fiducia supplicans*, waraka wa Roma wa 18 Desemba 2023 uliotiwa sahihi na Kardinali Víctor Manuel Fernández kwa kibali cha Papa Fransisko. Waliousoma ni wachache kuliko waliokasirika. Waraka unarudia kwamba ndoa ni ya mwanaume na mwanamke. Unachoruhusu ni baraka fupi, isiyo ya liturujia, kwa watu wawili wanaoiomba. Unakataza isifanywe pamoja na sherehe ya kiserikali wala kwa mavazi, ishara au maneno ya harusi. Tarehe 11 Januari 2024 maaskofu wa Afrika, kupitia rais wa kongamano lao Kardinali Fridolin Ambongo wa Kinshasa, walijibu kwamba baraka hizo hazitatolewa katika makanisa ya bara hili. Kwa paruwasi ya Katuba jambo hilo lina jibu la maaskofu, na mwenye swali anampelekea paroko, naye paroko anampelekea askofu mkuu. Maandamano mbele ya meya hayaingii popote katika ngazi hiyo.

Wamethodisti wa Muungano (United Methodist Church) wana kisa kirefu zaidi, na kwa kuwa Katanga ni moja ya ngome zao tukae nacho kidogo. Tangu mwaka 1972 kitabu chao cha nidhamu kilikuwa na maneno kwamba mwenendo wa wapenzi wa jinsia moja haupatani na mafundisho ya Kikristo. Mkutano mkuu wa Charlotte, Marekani, Aprili na Mei 2024, uliondoa makatazo hayo. Kura ya 1 Mei iliyofuta katazo la kuwaweka wakfu wachungaji wa namna hiyo ilikuwa 692 dhidi ya 51. Lakini mkutano ule ule uliandika mambo mawili ambayo sauti za WhatsApp haziyataji: mchungaji halazimishwi kufungisha ndoa hiyo wala hakatazwi, na maelezo mapya ya ndoa yanataja mwanaume na mwanamke na pia watu wazima wawili, ili kila eneo lipate nafasi yake. Mkutano ulipitisha pia mpango wa kuyapa maeneo, Afrika ikiwemo, uwezo wa kujiandikia sehemu kubwa ya kanuni. Ukisikia "Wamethodisti wamekubali", uliza: Wamethodisti gani, na kanuni ya eneo gani? Hata Kanisa la Methodisti la Uingereza, lililokubali kufungisha ndoa hizo mwaka 2021, ni kanisa jingine kabisa lisilo na askofu wala bajeti Lubumbashi.

Majina yanadanganya. Lipo kanisa la Marekani linaloitwa United Church of Christ, lililounga mkono ndoa hizo tangu mwaka 2005. Halihusiani na Kanisa la Kristo Congo, mwavuli wa jumuiya zetu za Kiprotestanti. Aliyetafsiri haraka kichwa cha habari anaweza kuwasha moto katika jumuiya isiyo na habari.

Kama kuna wanaotaka kuliacha kanisa lao kwa sababu ya uamuzi wa namna hii, wasianze na tamko, waanze na sertifika ya kiwanja. Nendeni ofisi ya hati za ardhi mkaangalie jina lililoandikwa. Mara nyingi hati iko kwa jina la jumuiya yenye utu wa kisheria chini ya sheria namba 004/2001 ya 20 Julai 2001, si kwa jina la wazee wa paruwasi waliochangia matofali. Wanaoondoka wanaondoka na Biblia zao na ngoma walizonunua wakiwa na risiti, jengo linabaki. Kesi za mgawanyiko wa makanisa zinazozeeka mahakamani huanza na teolojia, na mwaka wa pili zinakuwa kesi za ukuta na lango. Waangalie pia akaunti ya benki ina sahihi za nani, shule na kituo cha afya viko kwa jina gani, na walimu wa shule hiyo wanalipwa kwa njia ipi. Hayo manne yajibiwe kwa maandishi kabla ya mtu kupiga kura ya kutoka.

Wengine walivyofanya, na walipojikwaa

Ubelgiji, ambako kila familia ya Lubumbashi ina shangazi, ilipitisha sheria yake ya ndoa hizo tarehe 13 Februari 2003, ikaanza 1 Juni mwaka ule. Watu wanauliza: je, mapadri wa kule wanalazimishwa? Hapana. Katiba ya Ubelgiji, ibara ya 21, inataka ndoa ya komine itangulie baraka ya kanisa. Padri hana kazi yoyote ya kisheria katika ndoa, basi hakuna cha kumlazimisha. Hoja ya "watawafunga mapadri wetu" haisimami katika nchi zenye mfumo huo, na Congo yenyewe imerithi sehemu kubwa ya mfumo huo.

Afrika Kusini ni tofauti, na ndiyo inayostahili kusomwa kwa makini. Mahakama ya Katiba iliamua kesi ya Fourie, iliyodai ndoa ya jinsia moja, tarehe 1 Desemba 2005 na kulipatia Bunge miezi 12 kurekebisha sheria. Kardinali Wilfrid Napier aliweka maelezo yake ya kiapo katika kesi hiyo, akipinga. Sheria ikaanza 30 Novemba 2006, siku moja kabla ya muda kuisha. Kule mchungaji anaweza kufungisha ndoa yenye nguvu ya kiserikali, kwa hiyo swali la dhamiri lilikuwa la kweli: kifungu cha 5 kinataka dhehebu liombe lenyewe kuingia, na lisiloomba halihusiki. Waliotaka Katiba ibadilishwe hawakupata kitu. Ulinzi wa wahudumu wa dini umo ndani ya sheria na unafanya kazi mpaka leo. Kinyume chake, kifungu cha 6, kilichowaruhusu maofisa wa serikali kukataa, kilifutwa mwaka 2020. Tazameni mahali mstari ulipopita: mhudumu wa dini ndiyo, mfanyakazi wa serikali hapana.

Wafaransa wanatufundisha anwani. Februari 2013 wapinzani wa ndoa hizo walipeleka sahihi kama 700.000 kwenye baraza la uchumi na jamii, wakitumia haki ya maombi. Baraza likakataa kuzipokea kama ombi halali, kwa sababu muswada ulikuwa tayari bungeni na juu ya muswada ni Waziri mkuu peke yake anayeweza kuliuliza baraza hilo. Sahihi laki saba zikaishia mlangoni. Sheria ilitangazwa 17 Mei 2013.

Waromania wanatufundisha kuhesabu. Ili Katiba yao iseme ndoa ni ya mwanaume na mwanamke, walihitaji sahihi 500.000, wakapata karibu milioni 3, na makanisa yalikuwa nyuma yao. Kura ya maoni ya 6 na 7 Oktoba 2018 ilihitaji asilimia 30 ya wapiga kura wafike. Walifika kama asilimia 21. Waliopiga kura karibu wote walisema ndiyo, na bado ikaanguka. Wapinzani hawakuhangaika kushinda hoja, waliwaambia watu wabaki nyumbani. Sahihi iliyochukuliwa baada ya misa ni ya mtu aliyekuwa tayari amesimama hapo, na kura inamtaka aamke, avae, atembee.

Na dini haikukaa upande mmoja tu. United Church of Christ tuliyoitaja ilishtaki jimbo la North Carolina mwaka 2014, ikisema katazo la serikali linawanyima wachungaji wake uhuru wa dini, na ikashinda. Askofu mkuu Desmond Tutu alisimama waziwazi na wapenzi wa jinsia moja, huku kanisa lake la Anglikana Kusini mwa Afrika likiwa halifungishi ndoa zao. Msemaji wa paruwasi asiyejua hayo ataaibika redioni mara tu mwandishi atakapomuuliza, "Baba mchungaji, mbona wachungaji wenzako wanasema kinyume?"

Sahihi: hesabu kabla ya kununua kalamu

Kuna maombi ya aina mbili, na watu wanayachanganya. La ibara ya 27 ni la raia yeyote, peke yake au pamoja na wenzake, kwa mamlaka yoyote ya umma; mamlaka hiyo inapaswa kujibu ndani ya miezi mitatu, na hakuna anayeweza kushtakiwa kwa kuliandika. Halina idadi ya chini. Watu 12 wa shirika moja wanaweza. La ibara ya 218 ndilo la 100.000, na ni la kubadili Katiba tu. Kama mnachotaka ni Katiba ibaki ilivyo, hamhitaji sahihi hata moja ya aina ya pili. Tunasema hivyo kwa sababu fedha za waamini zimeliwa na kampeni za "laki moja" zisizo na sababu.

Kwa anayehitaji kweli hiyo idadi, hesabu ni hii. Ukurasa mmoja wa A4 uliolala unabeba mistari 20 inayosomeka. Sahihi 100.000 ni kurasa 5.000, yaani rimu 10. Nakala ya pili ya kuhifadhi, rimu 10 tena. Mstari mmoja unachukua kama dakika moja kwa mtu anayejua kuandika. Dakika 100.000 ni saa kama 1.667, meza 50 zitafanya kila moja saa 33. Kwa Jumapili zenye saa mbili za watu kutoka ibadani, ni Jumapili 17. Anayeahidi wiki mbili hajawahi kushika kalamu.

Safu za ukurasa ni saba: jina, jina la pili na prenomu, mwaka wa kuzaliwa, namba ya kadi ya mpiga kura, komine, tarehe, sahihi. Maneno ya ombi lenyewe yawe juu ya kila ukurasa, siyo kwenye ukurasa wa kwanza tu. Karatasi iliyotenganishwa na maneno yake ni orodha ya majina, na orodha ya majina haiombi kitu.

Zinazoharibika ni hizi: mkono mmoja ukisaini kwaya nzima, watoto chini ya miaka 18, mtu aliyesaini kwa Wakatoliki asubuhi na kwa dada yake Mmethodisti jioni, namba ya kadi isiyosomeka. Wekeni akiba ya sahihi 15.000 juu ya idadi inayotakiwa, na watu wawili wasioandikisha wapitie kila ukurasa siku ile ile, wakati aliyesaini bado yuko uwanjani.

Kurasa zilale kwenye sanduku lenye kufuli. Namba ya kadi ya mpiga kura pamoja na jina na sahihi ni chakula cha matapeli. Asiwepo wa kuzipiga picha na kuzituma kwenye kundi. Na asiyesaini asiulizwe. Tumeona pendekezo la kuandika daftari la waliokataa. Daftari hilo lichanwe kabla halijaanza: ibara ya 22 inalinda dhamiri ya kila mtu, pamoja na ya mama aliyebaki ameketi.

Barua ya kurasa mbili

Barua moja nzuri ina nguvu kuliko rimu 20 za sahihi mbaya. Iandikwe kwa Kifaransa, kwa kuwa ndiyo lugha rasmi, na tafsiri ya Kiswahili isomwe mbele ya watu ili wajue wametuma nini. Kurasa mbili, zisizidi. Aya ya kwanza: ninyi ni nani, mnakutana wapi, mko wangapi kwa hesabu ya kweli. Ya pili: ibara au kifungu mnachozungumzia, kwa namba. Ya tatu: mnachoomba, kwa kitenzi kimoja, kama "tunaomba upinge", "tunaomba utueleze", "tunaomba ulinde". Ya nne: sababu.

Hapo kwenye sababu ndipo barua nyingi zinaanguka. Ibara ya 1 inasema Jamhuri haina dini. Depite hawezi kusimama na kusema "Warumi, sura ya kwanza" kama hoja ya sheria, hata akiwa shemasi. Maandiko yana mahali pake, katika barua kwa askofu na katika mafundisho ya Jumapili. Barua kwa Bunge ibebe sababu ambazo jirani Mwislamu, au asiyesali kabisa, anaweza kuzipima: hati za watoto, urithi, hadhi ya mjane, uhuru wa wahudumu wa dini. Kama baada ya kuondoa mistari ya Biblia hakuna kilichobaki kwenye ukurasa, mmeandika hubiri.

Ipelekwe nakala mbili. Moja inabaki sekretaria, nyingine inarudi na muhuri, tarehe na jina la aliyepokea. Bila muhuri miezi mitatu haijaanza kuhesabiwa, na mtakuja kuambiwa hakuna kilichofika.

Kuhusu maandamano, fupi: ibara ya 26 inataka waandaaji waiarifu mamlaka kwa maandishi, na inasema pia hakuna anayeweza kulazimishwa kushiriki. Njia, saa ya kuanza na kumaliza, majina na simu za wenye jukumu, idadi ya vijana wa kulinda mistari. Anayekuja na fimbo arudishwe. Kama hamwezi kupata walinzi wenu 30 mnaowajua kwa majina, fanyeni ibada ndani ya ukumbi.

Mimbari, redio, simu

Hili ndilo linaloumiza watu, na tunaliandika kwa ukali kidogo.

Mjadala wa sheria ukihamia kwa majirani, hakuna anayemkamata mbunge. Anakamatwa kinyozi anayevaa suruali za kubana, kijana wa kwaya mwenye sauti nyembamba, wasichana wawili wanaopanga chumba kimoja Kamalondo kwa sababu bei ya nyumba imepanda. Hakuna kati yao aliyepeleka pendekezo bungeni. Asiyewahi kuomba ndoa ndiye anayelipa gharama ya mjadala wa ndoa.

Kwa mhubiri, kanuni ni hii: hakuna jina, hakuna mtaa, hakuna "yule tunayemjua". Kumtupia mtu hadharani jambo mahususi linalomharibia heshima ni kosa la kifungu cha 74 cha sheria ya jinai, siku 8 hadi mwaka 1 gerezani, na mimbari haimwondolei mtu kosa hilo. Kwenye simu kuna pia Sheria ya dijitali ya 13 Machi 2023. Kumpiga mtu, kumvua nguo, kumfukuza nyumbani ni makosa ya kawaida ya jinai, hata kama mia moja walikuwa wanaimba. Kijana akifikishwa parke (ofisi ya mwendesha mashtaka) kwa ajili ya hubiri lenu, mhubiri awe tayari kwenda naye na avoka (wakili).

Mwaliko wa redio ukija, ombeni maswali mapema. Mkubaliane na mwendeshaji kwamba simu za wasikilizaji zitachujwa kabla ya kupandishwa hewani. Msikilizaji mmoja mwenye jina la jirani yake anaweza kuharibu saa nzima ya maneno ya busara. Tumieni "ndoa ya jinsia moja" na "wapenzi wa jinsia moja", maneno makavu. Matusi ya Kifaransa ya mtaani yanachekesha studio, kisha yanakatwa, yanasambazwa, na jina la kanisa linabaki limebandikwa hapo.

Sauti au video ikifika kwenye kundi, msimamizi aishike saa 24. Aangalie nguo, bendera, lugha ya mabango, namba za magari: mara nyingi ni harusi ya nchi nyingine na mwaka mwingine, imepewa maneno mapya. Kama inataja "mkataba wa wazungu", aombe jina la mkataba na ibara. Tunakubali kwamba si kila shaka juu ya misaada ya nje ni upuuzi. Mikataba ina vifungu vigumu, ndiyo maana isomwe yenyewe.

Sheria ya ndoa inayovunjwa karibu nanyi

Ruhusuni neno la pembeni. Kamati inayosema inalinda ndoa ihesabu safu yake ya mbele: wangapi wametoa mahari, wamebarikiwa kanisani, na hawajawahi kufika etasivili? Kwa serikali ndoa hiyo bado haijaonekana. Mume akifa, kaka zake wanakuja na kitanzi cha funguo, na mjane hana karatasi ya kuwaonyesha. Ndoa ya kimila inaweza kuandikishwa: wenyewe wafike kwa ofisa wa komine, kila mmoja na shahidi wake, na vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa au hati inayochukua nafasi yake, na uthibitisho wa mahari. Umri ni miaka 18 kwa wote wawili tangu marekebisho ya 2016, na hapo pia kuna wazee wa kanisa wa kuulizwa maswali. Paruwasi inayopanga Jumamosi moja kwa mwezi, ikaongea mapema na burugumesta (mkuu wa komine) na kuleta fotokopi mashine uwanjani, inaweza kumaliza wanandoa 20 kabla ya saa saba.

Kwa waliopeleka barua, bado kuna kalenda. Bunge la taifa linakaa toka 15 Machi hadi 15 Juni, na toka 15 Septemba hadi 15 Desemba, kikao hiki cha pili kikimezwa na bajeti. Barua yenye muhuri wa 2 Machi inatakiwa kujibiwa kabla ya 2 Juni, wakati depite bado yuko Kinshasa na anaweza kuuliza swali. Yenye muhuri wa 10 Oktoba inafikisha miezi mitatu tarehe 10 Januari. Wakati huo yuko likizo, na wengi wanarudi kuonana na wapiga kura wao. Mtafuteni Lubumbashi, mkiwa watatu, na ile nakala yenye muhuri.